Sura Niliyompa Mtu wa Saza

Kaskazini mwa Uingereza,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Mama yangu,

Shikamoo, Mama. Nakuamkia nikiwa nimekaa mezani mbele ya dirisha, na nje inanyesha ile mvua ya huku ya rasharasha isiyojua kukatika. Mwili wangu mzima. Goti lako linaendeleaje? Yusta wa shangazi ameniambia umerudi kulichua kwa mafuta ya yule mama wa kanisani badala ya kwenda hospitali, nikamjibu kwamba sishangai, maana wewe hospitali unawapeleka wengine tu. Kahawa imekauka vizuri? Na yule ng'ombe mweupe, bado anaruka uzio kwenda kula mahindi ya baba mdogo Jailosi? Ukiniandikia niambie yote, hata yale unayoona ni ya kipuuzi. Huku sina mtu wa kunipa habari za ng'ombe.

Barua hii anakuletea dada Stela, muuguzi wa Mbeya niliyekuwa nikisali naye huku. Amemaliza mkataba wake, anarudi nyumbani. Nimemwomba afike mpaka Igamba akupe mkononi mwako, asimpe baba mdogo wala Yusta. Mpe chai na chakula, kisha uingie chumbani uisome peke yako. Najua utataka kuianza ukiwa umesimama mlangoni. Nakuomba ukae chini, na miwani uvae.

Nimekupigia simu mara tatu kwa ajili ya jambo hili, na mara zote nimeishia kukuuliza kama mvua zimenyesha. Mara ya kwanza ulikuwa na wanawake wa kwaya, ukaweka simu sauti ya juu ili wote wanisalimie. Mara ya pili ulikuwa unalia. Mara ya tatu ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu hukulia. Ulisema taratibu, kama mtu aliyeshiba: "Maines mwanangu, miaka yote hii watu wananiuliza, huyu binti ulimpeleka Ulaya akasomee nini. Sasa nimewajibu. Umenirudishia mdogo wako." Nikasema asante Mama, nikakata simu, nikakaa kwenye ngazi za jengo letu mpaka mfanya usafi akaja kuniuliza kama naumwa.

Basi naandika, maana karatasi haina sauti yako.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu sijawahi kukueleza sawasawa, na kosa la kwanza liko hapo. Watu wa mtaani uliwaambia nasomea kompyuta. Mchungaji ukamwambia nasomea udaktari wa mifupa. Sikulaumu. Mama gani atasimama kwenye umoja wa wanawake aseme binti yangu anacheza na mafuvu? Nami nikaona raha kukuacha hivyohivyo, nikawa nakutumia picha za theluji na za makoti.

Kazi iko hivi. Mtu akikutwa amekufa siku nyingi, nyama imeisha, hana kitambulisho, hajulikani alikotoka. Kuna kipimo cha kulinganisha mfupa wake na mate ya ndugu zake, lakini kama hujui ni nani, utamwita ndugu gani aje kupimwa? Hapo ndipo sisi tunaitwa. Tunalichukua fuvu, au mfano wake, tunalivika uso, picha inabandikwa mahali watu wanapita. Tunaomba mtu mmoja asimame aseme, huyu kama namfahamu. Akishasema, ndugu wanaitwa, kipimo kinafanyika, na jibu la kipimo ndilo jibu. Sura tunayotengeneza haithibitishi kitu chochote. Hili ningekueleza tangu zamani, leo tusingekuwa hapa.

Uso wenyewe tunaujenga kwa udongo. Kwanza tunagandisha vijiti vidogo vya mpira kwenye mfupa, kila kimoja na urefu wake, kuonyesha nyama hukaa na unene gani mahali pale: kwenye shavu, kwenye kidevu, katikati ya paji. Kisha tunaweka misuli mmoja mmoja, ule wa kutafunia, ule wa kufumbia jicho, mpaka vijiti vinazama. Mwisho inakuja ngozi. Ni kama unavyokandika nyumba, fito kwanza, udongo wa kujaza, halafu ule laini wa kupakaza kwa kiganja. Siku ya kwanza mwalimu wangu aliniuliza nimejifunzia wapi kupakaza vile, nikamwambia jikoni kwa mama yangu.

Lakini mfupa una mambo unayoyajua na mengine hauyajui. Unajua upana wa paji la uso, unajua macho yalikaa wapi, unajua mdomo uishie wapi ukifuata meno. Haujui unene wa midomo. Haujui masikio wala nywele, haujui nyusi, na kovu la ngozi haujui kabisa. Hapo anayetengeneza anatakiwa ajizuie, aweke vitu vya kawaida ambavyo ni vya kila mtu. Mwalimu, mama wa makamo mkali asiyependa maneno mengi, alituambia kwamba mkono ukikosa cha kufuata unafuata unachokijua, na unachokijua zaidi ni uso wa mwenyewe na nyuso za kwao. Ndiyo maana hatuonyeshwi picha za watu waliopotea kabla hatujamaliza. Na kila kesi ikija tunajaza karatasi yenye swali: una ndugu au rafiki aliyepotea katika eneo hili? Ukijibu ndiyo, anapewa mwingine, na hakuna anayekuuliza zaidi.

Kesi ya kwetu ilikuja asubuhi moja, na Mwalimu akaniita kwa furaha kwa sababu ilitoka nchini kwangu. Mfupa wenyewe ulibaki huko. Tuliletewa picha za mashine ya hospitali zinazoonyesha fuvu pande zote, na mashine ya huku ikalitoa kwa plastiki. Maelezo yalikuwa mistari minne. Mwanamume, umri kati ya miaka ishirini na mitano na thelathini na mitano. Amekutwa kwenye shimo la dhahabu lililoachwa, wachimbaji walipokuwa wanalifungua upya. Mkoa wa Songwe. Saza.

Mama, niliposoma neno Saza masikio yaliziba.

Wewe huhitaji kukumbushwa, lakini niache niyaandike nione kama mkono utakubali. Mdogo wangu Lameki aliaga kwenda Saza kuchimba, mwaka ule tulipomzika Baba. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga simu kukuuliza mmeimba nini, na wewe unamwimbia ubeti mzima mpaka salio lake linaisha. Kisha Jumapili moja hakupiga, na hakupiga tena. Sasa ni miaka sita. Ulikwenda Saza hawakumjua, au walisema hawamjui. Ulikwenda Tunduma ukakaa siku nne mpakani ukiuliza wapakizi wa malori, mpaka mmoja akakuambia yuko Mnyiha mmoja mpole, ana unyusi uliokatika, alikuwa anapakia mahindi upande wa Zambia, Nakonde na anaongea Kibemba kama mwenyeji, ila hajaonekana siku nyingi. Ukarudi na neno hilo moja. Umeishi nalo kama watu wanavyoishi na mgonjwa ndani ya nyumba, huwezi kumwacha ukasafiri, huwezi kucheka ukasahau.

Unyusi ule nao unaujua. Alikuwa na miaka minne, akaingiza kichwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa kuona maganda yanakotokea, na mimi ndiye nilikuwa nimeachiwa nimwangalie.

Basi nilichukua ile karatasi ya maswali, nikafika kwenye lile swali, nikaandika hapana. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Nilijiambia kwamba nikisema ndiyo wataichukua kesi watampa mtu ambaye hajawahi kuona uso wa Mnyiha kama sisi, na mimi nitabaki nasubiri tena, na kusubiri kumenichosha.

Nilikaa na fuvu lile wiki tatu. Sikujiambia kwamba namtengeneza Lameki. Nilijiambia nafuata mfupa, na mahali pengi niliufuata kweli. Nilipofika kwenye midomo, nilijitazama kwenye kioo. Kila mmoja wetu ana kioo kidogo mezani cha kuangalia msuli unavyokaa, hicho hakikatazwi. Mwenzangu mmoja akapita akasema kwa utani, leo umejitengeneza mwenyewe ukiwa mwanamume. Nikacheka naye. Si wewe uliyekuwa unasema mimi na Lameki Mungu alitumia udongo uleule bila kuongeza hata maji? Mwalimu alipokuja kukagua, aliinama muda mrefu akaniuliza ile midomo nimeitoa wapi, nami nikamwambia ni ya wastani. Alinitazama, akatazama uso, akaweka sahihi.

Baada ya sahihi tunapiga picha, na ni kwenye picha ndipo tunaweka nywele na nyusi kwa kompyuta. Hapo sikukaguliwa na mtu. Kila kitu kilikuwa tayari kutumwa, zimebaki kama dakika arobaini. Nikasogeza picha karibu, nikafuta vinywele vichache kwenye unyusi wa kushoto, nafasi ya upana wa punje ya mchele. Nikatuma.

Yaliyofuata wewe ndiye uliyeyaona, mimi nimesimuliwa na Yusta. Picha ilibandikwa Saza, ikabandikwa na Vwawa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya polisi. Yusta alikuwa anatoka sokoni na beseni lake la nyanya. Akaipiga picha kwa simu, akakutumia bila kuandika neno hata moja, kisha akafunga biashara akapanda gari kuja Igamba. Anasema alikukuta uani, umeikuza picha kwa vidole viwili mpaka kwenye simu yote pakabaki unyusi tu. Anasema ulimwonyesha ukasema, "Mashine ile." Halafu ukaketi chini, juu ya kahawa uliyokuwa umeianika.

Mama, mashine ile niliiweka mimi. Haikuwa kwenye mfupa. Haiwezi kuwa kwenye mfupa. Kitu ulichomtambulia mwanao ni kitu nilichokuandikia mimi kwa mkono wangu, kama vile ningekuandikia barua ya uongo nikaiwekea sahihi yake.

Nilimwambia Yusta kwamba uso ule niliutengeneza mimi, naye akakuambia. Nimesikia watu walivyojaa nyumbani. Nimesikia mlivyokaa matanga bila maiti, na kwaya ikaimba siku tatu. Nimesikia baba mdogo amepima mahali pembeni ya Baba, na amekwisha kung'oa miti mitatu ya kahawa kupata nafasi, ile aliyoipanda Baba mwenyewe. Nimesikia pia kwamba ofisini walikuomba mate kwa ajili ya kile kipimo, ukakataa, ukawaambia waliokuja kwamba wewe ndiye uliyemzaa na huwezi kuthibitishiwa mwanao kwa mate. Baba mdogo anapeleka wazee kila wiki kuomba mifupa itolewe. Anafanya kwa upendo, najua. Yeye ndiye aliyemnunulia Lameki jembe la kwanza. Lakini siku moja afisa mmoja atachoka akubali, na mtazika mtoto wa watu kwa jina la Lameki.

Kesho yake baada ya ile simu ya tatu nilikwenda kwa Mwalimu nikamwambia yote, kuanzia karatasi mpaka unyusi. Nilitegemea atapayuka. Aliniuliza swali moja tu: "Mama yako ameshaamini?" Nikamwambia ameshaamini. Akasema, "Basi hapo mimi siwezi kukusaidia, utamweleza mwenyewe." Akainuka, akaufunika ule uso wangu kwa kitambaa cheupe, akaubeba akaondoka nao.

Wameniondoa kwenye kesi kwa mwaka mzima. Naosha vifaa, nakata vile vijiti vya mpira, napanga makabati. Kuna kikao kinakuja cha kuamua kama nitaendelea au nitafungasha virago. Nakwambia hili ulijue tu, usilibebe. Nastahili.

Kazi ya mtu wa Saza walimpa yule mwenzangu wa utani, na hakuambiwa chochote. Mimi wakanichukua mate, kwa sababu nimezaliwa na baba na mama mmoja na Lameki, na kwa kipimo chao hiyo inatosha kuuliza kama huyu ni ndugu yangu. Mfupa ulipimwa huko, mate yangu yalipimwa huku, majibu yakawekwa pamoja. Alhamisi Mwalimu aliniita.

Yule mtu wa Saza si damu yetu, Mama. Si Lameki.

Pumzika kidogo hapo. Hata mimi nimeweka kalamu chini, nimechemsha maji, nimerudi.

Uso aliotengeneza mwenzangu nimeuona. Fuvu ni lilelile, paji lilelile, umbali wa macho uleule, lakini nilipousogelea nilijua sijawahi kumwona mtu yule maishani. Uso mpana, pua imetulia, nyusi nzima zote mbili. Anaonekana mtu asiyekasirika upesi. Unaona, hapo naanza tena kuongeza mambo ambayo mfupa haukusema. Nisamehe, ni ugonjwa. Picha yake mpya imeshatumwa Vwawa na Saza, na ile yangu imeombwa iondolewe. Wewe mwenyewe ukipita pale ubaoni utamkuta, na nataka umtazame. Ulimlilia siku tatu na hajui. Ana mama mahali fulani, labda Ileje, labda Rukwa, labda ng'ambo ya mpaka, ambaye mpaka leo simu ikilia anakimbia.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, ongea na baba mdogo Jailosi. Yusta anasema kwa sasa hakubali kusikia neno la mtu mwingine, lakini wewe anakusikiliza. Mwambie aache kwenda ofisini, na pale alipong'oa kahawa apande nyingine kabla mvua hazijaisha. Kama anataka kumlaumu mtu, anilaumu mimi, namba yangu anayo. Mwambie sitakata simu.

La pili, nenda ukatoe mate. Najua utauliza ya nini tena wakati huyu si wetu. Yatawekwa, Mama. Yakishawekwa, mfupa wowote utakaookotwa popote utalinganishwa na wewe mwenyewe, bila kupitia mikono ya mtu kama mimi. Na kama hautaokotwa kamwe, basi yatakaa tu huko, hayadhuru. Ni suala la kufungua mdomo na kijiti chenye pamba, sekunde chache, haliumi. Nenda na Yusta asubuhi, mkimaliza akununulie supu pale stendi, goti lipumzike.

Ile picha uliyoweka kwenye fremu karibu na ya Baba, sikuamulii. Nimefikiri sana nikuambie uitoe, nikaona sina mdomo. Ila ujue ni uso wa nani. Midomo ni yangu mimi niliyekuandikia, kidevu ni cha mtu wa Saza, na unyusi ni wa Lameki. Ulipoitazama ukasema huyu ni mwanangu, hukukosea sana.

Na kuhusu Lameki, siwezi kukwambia yu hai. Nisingependa uifunge barua hii ukiwa umejenga tumaini hilo. Kipimo kimesema tu kwamba mtu mmoja aliyekufa si yeye. Nimekurudisha pale ulipokuwa kabla ya picha, na pale palikuwa pabaya, napajua. Nimekufanyia jambo baya mara mbili, kukupa na kukunyang'anya.

Nisalimie baba mdogo Jailosi na mama mdogo, hata kama atakuwa ananikasirikia. Msalimie shangazi wa Vwawa na umwambie binti yake Yusta ana moyo kuliko sisi wote, ila aache kunisimulia mambo kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Wasalimie wanawake wa kwaya mmoja mmoja. Sijui utawaambia nini. Ukiona vigumu, wasomee ukurasa huu wa kazi yangu, sasa wajue ninachofanya. Mchungaji msalimie na umwombe radhi kwa ajili yangu, maana ibada aliyoiongoza ilikuwa ya mtu ambaye hakujua jina lake. Mwambie akitaka aiache isimame hivyohivyo, kwa yule mtu.

Nimebakiza neno moja, nalo nimelizunguka tangu nilipoanza. Hata kwa Mwalimu sikulisema.

Watu wa hapa wananihurumia. Wanasema nilikosea kwa sababu ya upendo, na Mwalimu ameandika hivyohivyo kwenye taarifa yake ya kikao. Nimesoma, nikaona aibu, kwa sababu si kweli, au si kweli yote. Mama, nilitaka awe yeye. Nilipokuwa nafuta vile vinywele kwenye unyusi sikulia. Nilipumua. Nilisikia mabega yanashuka kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, nikasema moyoni, haya, yamekwisha. Nilitaka mdogo wangu awe amekufa ili mimi nilale na wewe ulale, na tuwe watu wenye kaburi kama watu wengine. Tangu hapo nakwenda kanisani, nakaa nyuma, sithubutu kumwomba Mungu amrudishe, maana anajua nilichokitaka.

Yusta anasema ulipoketi pale juu ya kahawa ulinyamaza muda kidogo kabla hujaanza kulia. Sikuwepo, sijui kilichokuwa katika ukimya ule. Lakini kama na wewe ulipumua, Mama, usijione mzazi mbaya, wala usinifiche. Mimi nilipumua kwanza.

Ni mimi mwanao,
Maines